Kabla ya kuitafutia kasi boti kuukuu ya mbio: mambo ya kuzingatia

Mtu akinunua boti ya mbio ya miaka ya 1970 au 1980, mawazo yake hukimbilia mashine kubwa na propela mpya. Pesa nyingi huishia huko. Lakini boti hiyo imeshabeba miongo kadhaa ya maji, jua na mitikisiko ya trela, na mwendo ukiongezwa huumbua kila kilichooza ndani yake. Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza huwaudhi wenye haraka: uimara wa mwili kwanza, usukani pili, mwendo mwisho kabisa.

Anza tezini, yaani nyuma ya boti. Katika boti nyingi za faiba za enzi hizo, ukuta wa tezi unaobeba mashine ni plaiwudi iliyofunikwa faiba pande zote mbili. Maji hupenya kwenye matundu ya bolti, kwenye tundu la kutolea maji, na kwenye skrubu za vikorokoro vilivyofungwa na mtu asiyejali kuziba. Ukitazama kwa nje huoni kitu. Gonga kwa nyundo ndogo, nafasi kwa nafasi, ukisikiliza: mbao nzima hutoa mlio mkavu na mkali, iliyooza hutoa mlio mzito uliozubaa. Kisha shika mashine sehemu ya chini, karibu na propela, uisukume juu na chini kwa nguvu huku mwenzako akiutazama ukuta huo kutoka ndani. Ukionekana kucheza, au nyufa za rangi kwenye kona zikifunguka na kujifunga, habari ya mwendo iahirishwe. Ukuta utakatwa na kujengwa upya. Ukibaki na shaka, toboa tundu dogo upande wa ndani, chini kabisa, utazame unga unaotoka na keekee. Unga mweusi wenye unyevu hauhitaji mkalimani. Unga mweupe mkavu ukitoka, ziba tundu kwa epoksi uendelee.

Bolti za mashine zipite ukuta mzima na kukazwa juu ya bamba au washa pana upande wa ndani, ili mzigo usambae. Skrubu za mbao hazina kazi hapo.

Chini ya sakafu boti nyingi zilijazwa povu la kuisaidia ielee. Povu likishakunywa maji halikauki lenyewe, na kila lita ni kilo moja. Ipeleke boti kwenye mizani ya magari ikiwa juu ya trela, kisha trela likiwa tupu, ulinganishe tofauti na uzito uliotangazwa na mtengenezaji, baada ya kuondoa mashine, mafuta na betri. Kuna boti hukutwa na mamia ya kilo za maji ambayo mwenyewe hakujua anayabeba. Kuyatoa ni kazi chafu ya kung'oa sakafu, lakini hakuna propela itakayokulipa kiasi hicho.

Sasa ingia chini ya boti. Chukua rula ndefu iliyonyooka, ya aluminiamu, uilaze kufuata urefu kwenye mita moja na nusu ya mwisho kuelekea tezi. Ukiona mwanya katikati ya rula, chini pana bonde, mara nyingi kwa sababu mbao za trela haziibebi boti hadi mwisho wa tezi. Bonde hilo husukuma omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, chini na kuongeza eneo linalosuguana na maji. Rula ikigusa katikati na kuinuka mwishoni, chini pana tumbo, na boti ya namna hiyo hupenda kuinuka na kuzama mfululizo kama pomboo. Yote mawili husawazishwa kwa kujaza na kupiga msasa, kazi ya subira kuliko ya ufundi. Ukingo wa nyuma, pale maji yanapoachana na boti, uwe mkali. Kuuviringisha ili upendeze ni kuyakaribisha maji yapande ukutani.

Kuhusu ukubwa wa mashine, tafuta kibao cha uwezo. Nchini Marekani, boti za mwili mmoja zilizo chini ya futi 20 zimetakiwa kuwa nacho tangu mapema miaka ya 1970, na za mashine ya kufunga nje hutajiwa nguvu ya juu inayoruhusiwa. Nguvu hiyo ilikadiriwa boti ikiwa mpya, plaiwudi yake ikiwa nzima. Mfano wa kutahadharisha kuhusu nguvu mpya kwenye mwili wa zamani: tarehe 4 Januari 1967, kwenye ziwa la Coniston huko Uingereza, Donald Campbell, Mwingereza aliyekuwa akiwania rekodi ya kasi majini, alikufa boti yake Bluebird K7 ilipoinua omo na kupinduka ikiwa na kasi ya zaidi ya kilomita 450 kwa saa. Boti ile ilikuwa imeingia majini mara ya kwanza mwaka 1955, na kwa jaribio hilo ilifungwa injini ya jeti yenye nguvu kuliko ya awali. Hakuna anayetarajia kasi hiyo kwenye boti ya kawaida, lakini upepo unaoingia chini ya omo hufanya kazi ileile hata kwa robo yake.

Usukani. Boti nyingi za zamani zina kebo moja, na kebo moja iliyochakaa huacha mchezo. Boti ikiwa juu ya trela, mtu mmoja ashike gurudumu la usukani lisizunguke, mwingine asukume mashine kulia na kushoto. Kama mashine inatembea na gurudumu limetulia, umepata tatizo ambalo mwendo utalikuza. Ukikusudia kupita kilomita 80 kwa saa, weka kebo mbili zinazopingana au usukani wa haidroliki. Sababu ni hii: boti yenye chini ya umbo la V, mwendo ukipanda, husimama juu ya kipande chembamba cha katikati, na huanza kulala ubavu huu kisha ubavu ule. Dereva husahihisha, usukani uliolegea hujibu kwa kuchelewa, na kila sahihisho hufika wakati boti imeshageukia upande mwingine. Mitikisiko hukua badala ya kufa. Ikianza, punguza mafuta polepole na uinamishe mashine kidogo ili omo ishuke. Kuachia mafuta yote ghafla hutupa omo chini, na ikiwa imeshalala ubavu mmoja boti inaweza kuzunguka.

Pedali ya mafuta ya mguu naihesabu kuwa ya lazima kwenye boti ya aina hii, ingawa wengine huiona mbwembwe. Huacha mikono yote miwili kwenye usukani, na mguu ukiondoka, springi hurudisha mafuta chini. Kamba ya kuzima injini ifungwe kwenye jaketi okozi au mwilini kila safari. Marekani imeifanya sheria tangu Aprili 2021 kwa boti nyingi zilizo chini ya futi 26.

Afya ya mashine nitaipita haraka, kwa kuwa fundi yeyote anaijua: mgandamizo wa silinda usitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, oili ya giaboksi (sehemu ya chini ya mashine inayobeba propela) isiwe nyeupe kama maziwa, impela ya pampu ya maji iwe mpya. Ninachokisisitiza ni mipira ya mafuta. Petroli yenye ethanoli hulainisha mipira ya zamani kwa ndani, vipande vikaziba kabureta. Kwenye mashine ya mipigo miwili mafuta ndiyo yanayobeba oili, hivyo silinda inayokosa mafuta hukosa pia kilainishi, na pistoni hutoboka mashine ikiwa kwenye mwendo wa juu. Badilisha mipira yote, pampu ndogo ya mkono na kichujio cha kutenga maji, hata kama vinaonekana vizima.

Hapo ndipo unapogusa kimo cha mashine. Kadiri giaboksi inavyokaa juu ndivyo msuguano unavyopungua, na ndiyo maana watu hufunga bamba la kunyanyulia linaloisogeza mashine nyuma na kuipandisha. Nyuma ya boti maji huwa yanainuka, kwa makadirio inchi moja kwa kila futi ya umbali, kwa hiyo mashine iliyosogezwa nyuma inaweza kupandishwa bila propela kukosa maji. Kwenye boti ya V anza na shafti ya propela ikiwa inchi nne au tano chini ya usawa wa sehemu ya chini kabisa ya boti, kisha panda robo inchi kila jaribio. Usifanye hivyo bila geji ya presha ya maji yanayopoza mashine. Presha ikianguka, matundu ya kuvutia maji yameanza kuvuta hewa, na mashine itaungua ukiwa unashangilia mwendo. Wanaotaka kupanda zaidi hutumia giaboksi inayovuta maji kwenye pua yake ya chini. Giaboksi hiyo, yenye pua iliyochongoka, ina faida nyingine: kuanzia kama kilomita 120 kwa saa, giaboksi yenye pua butu huweza kuzalisha viputo vinavyofika kwenye propela, mshiko ukapotea ghafla na boti ikageuka kabla dereva hajatambua.

Propela ichaguliwe kwa hesabu. Chukua mizunguko ya injini kwa dakika, gawa kwa uwiano wa giaboksi, zidisha kwa pichi ya propela kwa inchi (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), kisha gawa kwa 656. Unapata kilomita kwa saa ambazo propela ingefika kama isingeteleza. Mizunguko 5,800, uwiano 1.87, pichi 26: karibu kilomita 123. Jipiesi ikisoma 110, mtelezo ni kama asilimia 10, na hiyo ni hali nzuri. Ukizidi 15 kwenye boti ya mbio, angalia kimo, uzito na ncha za propela. Ukipata sifuri au chini yake usishangilie. Geji ya mizunguko inadanganya au pichi siyo iliyoandikwa. Mashine isipofikia mizunguko ya juu iliyotajwa na mtengenezaji, punguza pichi. Inchi moja hubadilisha mizunguko kati ya 150 na 200. Propela iwe ya chuma cha pua, maana ya aluminiamu hupinda chini ya mzigo.

Badilisha jambo moja tu kwa jaribio, ukiandika kimo, propela, kiasi cha mafuta kwenye tangi na hali ya upepo. Tangi likiwa nusu na likiwa limejaa ni boti mbili tofauti.

Baada ya safari ya kwanza ya kasi, kabla boti haijapoa, kagua tena kukaza kwa bolti za mashine na nati ya propela, chungulia ngama, yaani sehemu ya ndani ya chini kabisa ya boti, kama imeingiza maji, na ugonge tena ule ukuta wa tezi.