Mnaoandaa mafunzo ya programu mpya ya maktaba mkutanoni, tenganisheni watu kwanza
Jamani kama mnapanga vipindi vya mafunzo kwa maktaba zinazohamia programu mpya, tuseme Koha, msiwajaze wote chumba kimoja. Mtu wa kaunta anataka kujua kuazimisha, kurudisha na faini basi, yule wa katalogi kichwa kinamuuma na MARC 21 (ule mpangilio wa kuandika rekodi za vitabu kwenye kompyuta), fundi wa IT yeye anawaza seva na bakapu, ukiwachanganya nusu yao watakuwa kwenye simu tu.

Halafu angalieni pia maktaba imefika hatua gani. Ambao hawajahamisha data waanze na kusafisha rekodi, maana ukihamisha uchafu unaukuta uleule kwenye mfumo mpya, na hapo msikimbilie, tengeni hata nusu siku, waje na rekodi zao wenyewe kama 100 hivi wazifanyie kazi palepale (mi naona hicho ndo kipindi chenye faida kuliko hotuba zote za ufunguzi).

Koha ni ya bure, so wekeni seva ya majaribio watu wabonyeze na kuharibu wanavyotaka, msifundishie kwenye mfumo unaotumika kweli. Na intaneti ya ukumbini msiiamini, watu 30 wakiingia kwa mpigo inakata, kwa hiyo laptopu moja iwe seva ya humohumo chumbani. Ripoti za SQL (lugha ya kuchota taarifa kwenye hifadhidata) ziwekeni mwisho kabisa, mtu hajaelewa kanuni za kuazimisha zitampita tu.