Sukari ya Asubuhi Ichunguzwe Usiku: Mwongozo kwa Mzazi wa Kijana Mwenye Kisukari

Wazazi wengi wanaoleta vijana wao wenye kisukari cha aina ya kwanza kwenye kliniki ninayohudumia hapa Mtwara huja na lalamiko moja: sukari ya asubuhi iko juu, mtoto anaamka amechoka, na mwalimu anasema anasinzia darasani. Baadhi yao huwa tayari wameongeza uniti za insulini ya jioni kwa kukisia. Namwomba mzazi asifanye hivyo kabla ya kujua sukari ilikuwaje saa nane usiku, kwa sababu kipimo kikubwa cha asubuhi huweza kutokana na mambo ambayo tiba zake zinapingana.

Hatua ya kwanza: fahamu saa za insulini

Insulini ya muda wa kati, ile inayofanana na maziwa ikitikiswa taratibu, hufikia kilele chake takribani saa 4 hadi 10 baada ya kuchomwa. Ikichomwa saa kumi na mbili jioni, nguvu yake kubwa huangukia kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri, wakati ambao kijana amelala na hali chochote. Insulini ya mchanganyiko nayo ina sehemu hiyo ndani yake. Kwa upande mwingine, kadiri alfajiri inavyokaribia, mwili wa kijana anayebalehe huwa na homoni ya ukuaji na kotisoli kwa wingi, ambazo hulifanya ini kumwaga sukari kwenye damu na kudhoofisha kazi ya insulini, na hayo hutokea wakati dawa ya jioni inaishiwa nguvu. Ndiyo maana sukari ya mtoto huyo huyo inaweza kushuka usiku wa manane na kupanda kabla jua halijachomoza.

Hatua ya pili: pima usiku tatu zilizochaguliwa

Najua stripu, vile vipande vya kupimia sukari, ni chache na zina gharama, na kumwamsha mtoto kila usiku ni kumnyang'anya usingizi tunaoutafuta. Chagua usiku tatu za kawaida, zisizo na ngoma wala mechi ya jioni. Pima wakati wa kulala, saa nane au saa tisa usiku, na mara anapoamka. Mfute kidole kwa kitambaa chenye maji safi na ukikaushe kabla ya kukichoma, hasa msimu wa mabibo na maembe, kwa kuwa utomvu wa tunda uliobaki kwenye ngozi hupandisha kipimo kwa uongo. Andika daftarini uniti alizochoma, saa aliyochoma, alichokula na kama alicheza mpira, maana mazoezi ya alasiri huweza kuishusha sukari saa nyingi baadaye, akiwa usingizini.

Kipimo cha saa nane kikiwa chini ya 3.9 (namba zote za sukari hapa ni za mmol/L), sukari inashuka usiku, na kuongeza insulini ya jioni ni hatari. Kikiwa cha kawaida na cha asubuhi kikiwa juu, zifikirie zile homoni za alfajiri au dawa inayoisha mapema, na hapo daktari anaweza kuamua kusogeza sindano karibu na muda wa kulala. Kikiwa juu usiku kucha, chunguza chakula cha usiku, uniti zenyewe, na chupa ya insulini: joto la pwani yetu huiharibu dawa iliyoachwa dirishani au chini ya paa la bati.

Nakumbuka kijana mmoja wa kidato cha pili aliyekuwa akiamka na 15 au 16, huku mama yake akizidi kumwongezea uniti. Tulipompima usiku tulikuta 3.2. Kumbe alikuwa akishtuka ametota jasho, anakunywa chai yote ya sukari iliyobaki kwenye chupa, kisha anarudi kulala bila kumwambia mtu. Alihitaji kupunguziwa insulini ya jioni. Tangu siku ile humuuliza kila kijana mwenyewe, bila kumkaripia, kama huamka usiku, kama huota ndoto za kutisha, na kama asubuhi kichwa humuuma.

Hatua ya tatu: andaa kitanda na kitu cha kula

Kwa anayetumia insulini ya muda wa kati, kipimo kilicho chini ya 7 wakati wa kulala kinanitaka nimpe chakula kidogo, kwa mfano kipande cha muhogo au ming'oko (mizizi ya porini inayoliwa) ya kuchemsha pamoja na korosho chache. Karibu na chandarua iwepo sukari iliyofungwa vizuri na maji. Akishuka, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, subiri dakika 15, kisha pima tena. Akiwa amepoteza fahamu au anadegedeka, usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Hatua ya nne: linda usingizi wenyewe

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Akilala pungufu, insulini hufanya kazi kwa unyonge siku inayofuata na njaa humzidi. Sukari ikipita 10, mkojo humwamsha mara kwa mara na usingizi hukatika tena. Kwa hiyo simu ikae chumba cha wazazi usiku. Kwa aliye bweni, zungumza na matroni au patroni kuhusu saa ya prepu, ruhusa ya kula kabla ya kulala, na mwenzake wa kitanda jirani atakayejua dalili za kushuka. Msimu wa jando na unyago, kijana akitaka kukesha ngomani, simkatazi. Namtaka aende na mtu anayejua hali yake, ale katikati ya usiku, na apime kabla ya kulala alfajiri.

Hatua ya tano: leta daftari kliniki

Vipimo vya usiku tatu vinatosha kuanza mazungumzo ya kubadilisha dozi. Lakini sukari ikiwa juu huku kijana akitapika, tumbo likimuuma au akipumua kwa kasi na kwa kina, usisubiri siku ya kliniki wala mapambazuko. Mpeleke hospitali usiku huohuo.