Somo: FreeRTOS kwenye Arduino Uno, na baiti 2,048 za kugawana

Uno ina RAM ya baiti 2,048 basi. FreeRTOS, mfumo mdogo unaoendesha kazi (task) kadhaa kwa zamu, yenyewe inaenea humo, ila kila kazi unayoiunda hudai staki yake, yaani kipande cha RAM cha kuweka data zake za muda. Ukigawa kwa mkono mkunjufu, kazi ya tatu itakosa pa kukaa. Shida nyingi za somo hili chanzo chake ni hicho.

Tutawasha na kuzima taa huku sensa ya unyevu wa udongo ikisomwa bila kuingojea taa.

1. Maktaba. Kwenye Arduino IDE fungua meneja wa maktaba, tafuta FreeRTOS, isakinishe.

2. Waya. Taa ya LED pini ya 8 kupitia rezista ya ohm 220, sensa A0. Taa ya pini 13 iacheni. Maktaba huitumia kulalamika kosa likitokea.

3. Kodi.

```
#include <Arduino_FreeRTOS.h>

void taa(void *p) {
  pinMode(8, OUTPUT);
  for (;;) {
    digitalWrite(8, !digitalRead(8));
    vTaskDelay(500 / portTICK_PERIOD_MS);
  }
}

void udongo(void *p) {
  for (;;) {
    Serial.println(analogRead(A0));
    vTaskDelay(2000 / portTICK_PERIOD_MS);
  }
}

void setup() {
  Serial.begin(9600);
  xTaskCreate(taa, "taa", 128, NULL, 1, NULL);
  xTaskCreate(udongo, "udongo", 192, NULL, 2, NULL);
}

void loop() {}
```

Kazi hairuhusiwi kufika mwisho, ndiyo maana ya `for (;;)`. Msitafute `vTaskStartScheduler()`: hapa kipanga kazi, kinachogawa zamu, huanza chenyewe `setup()` ikiisha. `loop()` huendeshwa pale tu kazi zote zimelala, kwa hiyo humo usiweke kitu cha kungoja.

Sasa zile 128 na 192 ndani ya `xTaskCreate`. Ni ukubwa wa staki, na kwenye Uno ni baiti. Kwenye STM32 namba hiyohiyo huhesabu maneno ya baiti 4, yaani 128 inakuwa 512. Ukinakili kodi ya bodi nyingine bila kuliangalia hili, utalia.

4. Pima, usibahatishe. Ndani ya kazi chapisha `uxTaskGetStackHighWaterMark(NULL)`. Inakupa baiti ambazo staki haijawahi kuzigusa. Iache bodi ifanye kila inachotakiwa kufanya, kisha punguza staki ukibakiza akiba kidogo. Mimi sishuki chini ya 30.

Maswali

*Fundi, nimeongeza skrini ya OLED, taa ya pini 13 inapepesa mbiombio na kila kitu kimekwama. Bodi imeungua?*

Haijaungua, ndugu yangu. Kupepesa mbiombio ni kuomba kumbukumbu ikakosekana. Kupepesa polepole, kwa mzunguko wa sekunde 4, ni staki iliyofurika. Skrini ya 128 kwa 64 ikihifadhiwa picha nzima hula baiti 1,024, nusu ya RAM yako. Tafuta maktaba inayochora kipande kwa kipande, na maandishi yako yafunge kwa `F()` yabaki kwenye flashi, kumbukumbu ya programu, yasile RAM.

*Mbona nikiweka milisekunde 5 kazi hailali kabisa?*

Pigo la saa (tick), kipimo ambacho FreeRTOS huhesabia muda wa kulala, hapa ni takriban milisekunde 15. 5 ukiigawanya kwa pigo hilo, kwa hesabu ya namba kamili, unapata 0. Kazi hiyo ikiwa na kipaumbele cha juu, zilizo chini yake hazipati zamu.

*Nina ESP32, maktaba ni hii hii?*

Hapana, usiisakinishe. Humo FreeRTOS imo tayari.