Namna ya kupata washiriki wa utafiti wa utengamao baada ya kiharusi

Kabla ya kuandika idadi ya washiriki kwenye pendekezo lako, kaa na daftari la wodi. Chukua miezi 3 iliyopita, pitia kila aliyelazwa kwa kiharusi, umpime kwa vigezo vyako kana kwamba utafiti umeshaanza. Daktari akikwambia "hapa wa kiharusi ni wengi" hakudanganyi, ila wengi hao hawapiti kwenye chujio lako.

EXCITE, utafiti wa Marekani ambapo mkono usiopooza ulivalishwa glovu nene ili mgonjwa alazimike kutumia uliopooza, ulichuja watu 3,626 kati ya 2001 na 2003 ukapata 222. ICARE, nao wa mazoezi ya mkono, ulichuja 11,051 ukapata 361. Sababu kubwa ni vigezo vyenyewe. EXCITE ilitaka mtu wa miezi 3 hadi 9 tangu apate kiharusi, anayeweza kukunjua kifundo cha mkono na vidole kwa angalau nyuzi 10. Aliyepooza sana hafiki hapo, na aliyepata nafuu haraka hahitaji tena.

Tuseme wodi yako inapokea wagonjwa 40 kwa mwezi. Toa wanaofariki, walio mahututi, waliowahi kupata kiharusi kabla na wanaoishi mbali. Usishangae wakibaki 8, na 5 kati yao wakakubali. Ukihitaji 100 wa kuchambua na unatarajia kupoteza asilimia 15 njiani, gawa 100 kwa 0.85: washiriki 118, yaani karibu miaka 2. Kama fedha zako ni za mwaka mmoja, ongeza hospitali au punguza vigezo sasa, si mwezi wa nane wa utafiti.

Kila kigezo kiulizwe: nikikitoa, nini kitaharibika? Kama jibu si usalama wa mgonjwa, uwezo wake wa kufanya zoezi, au uwezekano wa kumpima, basi huenda kimenakiliwa tu kutoka kwa utafiti wa mwingine. Ukomo wa umri ndio wa kwanza kutiliwa shaka. Cha pili ni kuwafungia nje wenye afazia, yaani waliopata shida ya kuongea au kuelewa lugha, ambao ni karibu theluthi ya wagonjwa wa kiharusi.

Mwenye afazia anaweza kutoa ridhaa ukimwandalia njia. Tumia sentensi fupi, wazo moja kila ukurasa, picha, na kadi za NDIYO, HAPANA na SIJUI. Kisha mjaribu kwa swali ambalo jibu lake sahihi ni hapana: "Ukikataa, tutaacha kukutibu?" Anayeitikia ndiyo kwa kila kitu atajulikana hapo. Nenda asubuhi kabla ya mazoezi, maana uchovu wa kiharusi humfanya mtu akubali ili umwache alale. Asiyeweza kusaini aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti.

Jambo linalokwamisha sana ni kuongea na ndugu asiye na kauli ya mwisho. Binti anayemuuguza mzazi wodini ataelewa yote, jioni kaka mkubwa apige simu, na kesho yake wamejitoa. Uliza mapema: "Nani mwingine angependa kusikia haya?" Ukiruhusiwa, mpigie mbele yao. Eleza kura, yaani kugawa washiriki kwenye makundi kwa bahati nasibu, kabla ya ridhaa, kwa maneno makavu: hatujui njia ipi ni bora, na wewe wala mimi hatuchagui kundi. Wasioelewa hili ndio wanaopotea wakiangukia kundi la kulinganisha.

Nauli ipigie hesabu ya bajaji, si ya daladala. Aliyepooza upande mmoja hapandi daladala saa 1 asubuhi. Hesabu na ya msindikizaji. Ilipwe siku hiyohiyo kwa simu, na kiasi kiwe kimeandikwa kwenye itifaki (mpango rasmi wa utafiti) iliyopitishwa na kamati ya maadili. Chukua namba 3 za simu, zipige zote papo hapo, na uulize mgonjwa atakaa kwa nani akiruhusiwa. Wengi hupelekwa kwa ndugu mkoa mwingine.

Daftari la uchujaji liwe na safu chache: tarehe, namba ya utafiti ya mgonjwa, siku tangu kiharusi, anafaa au hafai, sababu moja kuu. Jina lisiwemo. Lijazwe kila siku, hasa Jumatatu, kwani waliolazwa Ijumaa jioni huenda wameshatoka. Lisomwe kila wiki. Kigezo kimoja kikiwa kinaondoa robo ya watu, andika ombi la marekebisho kwa kamati iliyokupa kibali, na uendelee na kigezo cha zamani hadi jibu lirudi. Likikubaliwa, hapohapo rekebisha usajili wa utafiti, kwa mfano kwenye PACTR (daftari la Afrika la kusajili majaribio ya tiba), na uandike tarehe mabadiliko yalipoanza kutumika. Mchambuzi wa takwimu ataiulizia.