Kuandika programu mchana, kupiga picha za kupamba bibi harusi usiku: namna ya kuzibeba kazi zote mbili Mombasa

Saa kumi na mbili jioni ndiyo saa inayogombewa na kazi hizi mbili, ya programu na ya picha. Jua la Mombasa huzama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo, mwaka mzima. Na kwa kuwa tuko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, hushuka karibu wima, na ule mwanga laini wa dhahabu huisha ndani ya nusu saa hivi. Sasa ikiwa timu yako iko New York, kuanzia Novemba hadi Machi mkutano wao wa saa nne asubuhi ni saa kumi na mbili jioni kwetu. Nimewaona vijana wenye jicho zuri sana wakiiweka kamera kabatini kwa sababu hii moja, na roho huniuma, maana dawa ipo.

Uachie mwanga wa jioni, uchukue wa asubuhi. Saa hizo New York ni usiku, Ulaya bado wamelala, na hakuna atakayekuita. Tena sisi bahari yetu iko mashariki. Kuta za Fort Jesus zinazotazama maji, ambazo jioni huwa kivulini, hupigwa na jua la kwanza. Bandari ya Kale ni vilevile: mashua na wabebaji mizigo wote wamo ndani ya mwanga. Mimi hutoka Kibokoni baada ya sala ya alfajiri, nikapiga mpaka jua liwe kali, nikarudi kuoga na kunywa chai, na saa mbili na nusu niko mezani. Ukitaka ufuo wa Nyali, tazama kwanza jedwali la maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali na miamba hubaki wazi. Siku za maji mafu hutaona tofauti kubwa, basi heri ulale.

Jambo moja la kalenda huwakwaza wengi. Kenya hatubadili saa, wenzetu hubadili, na hawabadili siku moja. Marekani husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Iandike mikutano kwenye kalenda kwa saa za mji wa wateja wako, kalenda ihesabu yenyewe, kisha ndipo umkubalie mtu kazi ya picha.

Kiyoyozi na lenzi

Ofisi zetu ni baridi na nje ni joto lenye unyevu. Ukiitoa kamera ghafla, kioo hufunga ukungu, na ukungu huo huweza kuingia hata ndani. Kabla hujatoka ofisini itie kamera ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, uufunge kabisa, na usiufungue mpaka kamera ishike joto la nje. Nusu saa yatosha mara nyingi. Matone yatajikusanya juu ya mfuko badala ya juu ya kioo. Usifute lenzi iliyofunga ukungu kwa shati. Chumvi ya bahari iliyo juu yake itakwaruza.

Nyumbani, adui ni kuvu. Hupenda giza, joto na unyevu, nao mkoba wa kamera una vyote vitatu. Utaiona ndani ya lenzi ukiimulika kwa tochi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na ikishakula tabaka iliyopakwa juu ya kioo haiponi kwa kufuta. Nunua kisanduku cha plastiki chenye mfuniko wa mpira, utie vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikizidi 60, badilisha vipakiti.

Skrini uliyoizoea itakudanganya

Anayesoma msimbo wa programu kutwa hupunguza rangi ya buluu ili macho yapumzike. Ukiihariri picha na mpangilio huo ungali umewashwa, ngozi ya bibi harusi utaiona ya manjano, utaongeza buluu, na akiifungua kwenye simu yake atajiona mgonjwa. Uzime kabla ya kuanza. Mwangaza wa skrini nao uushushe: skrini kali hukufanya uitie picha giza, na ikichapishwa hutoka nyeusi. Mimi hutengeneza akaunti mbili kwenye kompyuta, moja ya msimbo na moja ya picha, kila moja na rangi zake, nikahama bila kukumbuka chochote.

Kuhusu kutengeneza programu yako mwenyewe ya kupanga picha: usianze. Wikendi zitakwisha. Exiftool itakubadilishia majina ya faili kwa tarehe ya kupigwa, rsync itanakili, na folda zilizopangwa kwa mwaka na jina la kazi zatosha. Wala picha ghafi usizitie GitHub, mtandao wa kuhifadhia msimbo; hukataa faili inayozidi MB 100, na hata zilizo ndogo zitaijaza historia ya mradi bila faida.

Kupamba

Hapa ndipo kazi hizi mbili zinapohitajiana kwelikweli, kwa hivyo nisomeni polepole.

Usiku wa kupamba, bibi harusi anapopambwa na kuonyeshwa, ukumbi ni wa wanawake pekee. Buibui huvuliwa mlangoni, nywele huonekana, nguo ni zile ambazo mwanamume wa kando hapaswi kuziona. Simu hukusanywa au hufunikwa kamera. Mpiga picha ni mwanamke, na yeye peke yake ndiye anayetoka mle ndani na sura za watu mia kadhaa mkononi. Mama wa bibi harusi mmoja alinishika mkono kabla sijafungua mkoba.

"Mwanangu, picha hizi zitaonwa na nani?"

"Na nyinyi, mama, na mimi ninayezitengeneza. Basi."

"Na kompyuta ikiibiwa?"

Swali hilo kila mpiga picha aulizwe. Nilimjibu vile ninavyofanya, na ndivyo ninavyokushauri nawe.

Usizitie picha za mteja kwenye laptopu ya kampuni. Huenda ina programu ya kunakili kila kitu kwenda kwenye seva za kazini, na fundi wa mitambo usiyemjua anaweza kuzifungua. Soma pia mkataba wako wa ajira kuhusu kazi za pembeni na umiliki wa unachokitengeneza. Nunua diski mbili za nje na uzifunge zote kwa usimbaji, yaani zisisomeke bila nenosiri: LUKS ukitumia Linux, BitLocker au VeraCrypt kwa Windows, Disk Utility kwa Mac. Moja hukaa nawe, ya pili hukaa nyumba nyingine, kwa dada au kwa shangazi. Zima Wi-Fi ya kamera. Simu yako zima kupakia picha kwa hiari yake. Na ujue kwamba kufomati kadi kwa kawaida hakufuti picha, hufuta orodha tu. Mwenye programu ya kurejesha atazipata. Ukimaliza, ijaze kadi nzima kwa data tupu, kisha ufomati. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za mtu ni jukumu la kisheria la anayezishika, na sura ya mtu imo. Lakini hata kabla ya sheria, hiyo ni amana.

Ukumbini taa za LED za rangi zitakuletea mistari ya giza kwenye picha, nawe kwa mazoea ya kazi utashuku kamera ina hitilafu ya programu. Siyo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa zinazofuata mapigo yake hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka shata, yaani muda wa kamera kufunguka, 1/50 au 1/100 ya sekunde, mistari mara nyingi huondoka. Bibi harusi akikaa juu ya jukwaa na dhahabu yake, mpime mwanga usoni, si kwenye kitambaa kinachometa nyuma yake.

Zamu ya seva, yaani zamu ya kuitika seva za kazini zikikwama, ni kero ya peke yake. Usikubali kupiga kupamba usiku ambao simu ya zamu iko kwako, hata wakikwambia mambo yametulia. Badilishana na mwenzako mapema na mwandikiane, na mchana wa Ijumaa usipandishe toleo jipya la programu. Kabla ya Ramadhani harusi hufuatana, na Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka unapoanza, ziwekee alama wiki hizo na uombe likizo kabla wenzako hawajajaza nafasi.

Kukabidhi: tia picha kwenye flashi iliyofungwa kwa nenosiri, uipeleke mwenyewe hadi mkononi mwa bibi harusi au mamake. Kiungo cha wazi cha mtandaoni usitume, kitasambazwa kabla ya magharibi. Nenosiri nalo usiliandike WhatsApp. Mpigie bibi harusi, umtajie kwa mdomo, umngoje afungue na ahakikishe albamu yote imo, ndipo uijaze kadi data tupu.