Jinsi ya kuingiza sanaa kwenye masomo ya nyumbani kwa watoto wa miaka 11 hadi 14 (bila kuishia kwenye mapambo)

Mwaka wa kwanza nilipoanza kumsomesha binti yangu nyumbani kila wiki tulikuwa na projekti ya sanaa, na mi nilijiona mzazi wa maana kweli. Tukatengeneza mfumo wa jua kwa mipira ya karatasi, tukapaka rangi, Zohali na pete zake kamili, tukaning'iniza darini, kila mgeni akiingia anasifia. Siku moja shangazi yake akamuuliza hivi kwa nini mwezi unakua halafu unapungua, mtoto akaangalia juu kwenye ile mipira akasema "ni kivuli cha dunia". Sio kivuli cha dunia jamani! Kivuli cha dunia ni kupatwa kwa mwezi, hiyo ni habari nyingine kabisa. Yaani wiki tatu za gundi na rangi na mtoto hakujua mwezi unaangaziwaje.

Basi toka siku hiyo kila nikipanga kitu najiuliza swali moja tu: nikiitoa sanaa hapa, somo linabaki vilevile? Kama linabaki basi hiyo sanaa ilikuwa pambo. Pambo sio dhambi, ila usilihesabu kama somo. Sanaa iliyoungana na somo ni ile ambayo mtoto hawezi kuimaliza kazi bila kuelewa jambo lenyewe.

Mfano huohuo wa mwezi, tulirudia hivi. Chumba kiwe giza, tochi moja iwekwe upande mmoja ndo jua, mtoto asimame katikati yeye ndo dunia, mkono mmoja ashike mpira mweupe juu kidogo ya usawa wa kichwa na mkono mwingine simu, apige picha ya mpira, ageuke nyuzi 15, apige tena, mpaka amalize mduara. Hesabu hapo imejileta yenyewe, 360 ugawe kwa 15 ni picha 24, ukizichezesha picha 12 kwa sekunde unapata filamu ya sekunde mbili ya mwezi unaoandama mpaka unajaa na kurudi. Ukitaka filamu isiruke ruke lazima ujue mwanga unatoka wapi na mpira uko wapi, huwezi kubahatisha. Hilo swali la shangazi hajalikosea tena.

Kwanza umri wenyewe

Watoto wa miaka 11 hadi 14 wana tatizo moja ambalo wadogo zao hawana. Mtoto wa miaka sita anachora farasi mwenye miguu mitano na anafurahi, huyu wa miaka 12 anajua farasi anafananaje na anajua mkono wake haujafika huko, kwa hiyo anakwambia "mi sijui kuchora" na anafunga daftari. Ukimjibu "hapana mbona unachora vizuri" umeshampoteza, anajua unamdanganya.

Kinachosaidia ni kuanza na kazi ambazo hazimhukumu mkono: kufuatisha kivuli kwa penseli, kuchapa majani, kukata na kubandika picha, kupiga picha kwa simu. Kuna na zoezi la kuchora kiganja chako kwa dakika tano bila kuangalia karatasi hata mara moja, macho yako kwenye mkono tu, kalamu haiinuki. Matokeo yanachekesha kwa kila mtu, na ndo maana lazima na wewe mzazi uchore, ukae mezani na wewe mchoro wako uwe wa ajabu vilevile. Mi wangu wa kwanza ulifanana na tangawizi.

Na usiguse kazi yake kwa penseli yako, hata kama unaona kosa dogo tu la kurekebisha. Ukitaka kumwonyesha kitu chukua karatasi yako.

Ratiba

Nusu saa kila siku haifanyi kazi kwa umri huu, wakianza kunogewa muda umeisha. Sisi tunafanya michana miwili kwa wiki, masaa mawili kila mmoja, na mada moja tunakaa nayo wiki nne mpaka sita. Ni bora mada mbili kwa muhula zilizoiva kuliko kumi za juu juu. Vifaa ni daftari la karatasi nyeupe zisizo na mistari, penseli, rula, bikari, mkasi, gundi, maboksi ya kadibodi, tochi, na simu yenye kamera. Vingine utaongeza mada ikidai, msikimbilie kununua maseti makubwa ya rangi kwanza.

Mada yetu iliyofanikiwa kuliko zote: bluu

Naielezea hii kwa urefu kwa sababu ukiielewa utaweza kutunga zako. Tulichukua rangi moja, bluu ya Prusia, ambayo iligunduliwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1700, tukaifuata inakoenda.

Wiki ya kwanza ni kuangalia tu. Tafuta kwenye intaneti ule mchoro wa wimbi kubwa wa Hokusai, Mjapani, uliochapwa karibu mwaka 1831. Uangalieni mchoro dakika kumi kimya, saa mezani, kila mtu aandike anachokiona. Dakika ya tatu mtoto atasema amemaliza, mwambie aendelee. Kwenye dakika ya sita hivi ndo wangu akaona mashua, ni tatu, na watu wameinama ndani yake, na kale kaumbo kadogo kwa nyuma alikodhani ni wimbi ni mlima Fuji. Halafu ndo maswali: bluu iliyotoka Ulaya ilifikaje Japani wakati nchi ile ilikuwa imewafungia milango wageni karibu wote? Hapo mna somo zima la historia, Waholanzi na Wachina wakifanya biashara kupitia Nagasaki. Halafu mwambie na hili, Hokusai alizaliwa 1760, kwa hiyo hapo alikuwa mzee wa miaka sabini hivi. Kwa mtoto wa miaka 12 anayeamini ameshachelewa kuwa msanii hiyo ni habari.

Wiki ya pili ni kemia. Mwaka 1842 John Herschel wa Uingereza aligundua njia ya kupata bluu hiyohiyo kwenye karatasi kwa kutumia jua, inaitwa sayanotaipu. Unahitaji vitu viwili, feriki amonia sitreti gramu 25 kwenye maji mililita 100, na potasiamu ferisianidi gramu 10 kwenye maji mililita 100, kila moja kwenye chupa yake ya rangi nyeusi. Ukitaka kutumia changanya sawa kwa sawa kiasi kidogo tu, paka kwenye karatasi kwa brashi ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, kausha gizani. Inakuwa na rangi ya njano iliyoelekea kijani. Weka jani juu, bana kwa kioo kinachopitisha mwanga, toa juani dakika 5 hadi 15, kisha suuza kwenye maji mpaka ile njano yote itoke. Palipofunikwa panabaki peupe, palipopigwa na jua panakuwa bluu. Kinachotokea ni kwamba mionzi ya urujuanimno, hiyohiyo inayounguza ngozi, inabadilisha aina moja ya chuma kuwa nyingine, na hiyo nyingine ikikutana na ile ferisianidi inazaa bluu ya Prusia. Picha ikitoka majini inaonekana hafifu, msiitupe, iacheni ikauke mpaka kesho yake inakolea yenyewe.

Usalama sasa, na hapa sina mzaha. Glavu, vyombo visivyotumika jikoni tena, nguo za kuchakaa kwa sababu doa halitoki, mtu mzima ndo anapima unga, na ferisianidi isikutane kabisa na asidi kali wala moto maana inaweza kutoa gesi ya sumu. Kama hiyo imekutisha, au kemikali hazipatikani, tafuta karatasi zilizokwisha pakwa tayari, zipo. Au tumia manjano: loweka unga wa manjano kwenye spiriti mbali na moto, chuja, paka karatasi, kausha gizani, weka jani juu, acha juani masaa kadhaa. Jua linafifisha njano, chini ya jani inabaki, halafu ukipitisha maji yenye magadi soda kidogo ile njano iliyobaki inageuka nyekundu ya kahawia na picha inajitokeza. Ni taratibu lakini ina somo lake la asidi na alkali ndani.

Wiki ya tatu ni mimea. Anna Atkins, Mwingereza pia, mwaka 1843 alianza kutoa kitabu cha picha za mwani kwa njia hii ya bluu, na alichotaka yeye ni wanasayansi waone umbo la mmea bila mchoraji kukosea. Kwa hiyo mtoto naye akusanye mimea kumi, aipange kwa kundi, aandike lebo ya kila mmoja kwa mwandiko safi, mishipa ya jani imesimama sambamba au imetawanyika kama wavu, jani ni moja au limegawanyika. Kuamua jani likae vipi kwenye karatasi ili hiyo mishipa ionekane ni uamuzi wa sanaa na wa sayansi kwa mpigo mmoja, na hapo ndo utasikia mabishano matamu.

Wiki ya nne ni jaribio. Ukanda mmoja wa karatasi, funika kipande baada ya kipande ili kila kimoja kikae juani muda tofauti, dakika 2, 4, 8, 16. Achore grafu. Atagundua dakika zikiongezeka mara mbili bluu haiongezeki mara mbili, inafika mahali inashiba.

Wiki mbili za mwisho ni kazi yake kubwa. Wangu alichora ramani ya chumba chake kwa skeli ya 1 kwa 20, kwa wino mweusi kwenye plastiki angavu, akaichapa juani ikatoka mistari myeupe kwenye bluu kama ramani za wajenzi wa zamani, ambazo zilichapwa kwa njia hiihii. Chumba cha mita 4 ni sentimita 20 kwenye karatasi. Kitanda chake mara ya kwanza kilikuwa kikubwa kuliko mlango, akarudia kupima mwenyewe sikumwambia kitu.

Hesabu kwa dirisha

Hii ni ya mchana mmoja. Mwaka 1435 Alberti wa Italia aliandika kwamba picha ni kama dirisha lililo wazi, basi nyie mlichukulie hivyohivyo. Mtoto aweke kidevu juu ya rundo la vitabu, jicho likae sentimita 50 kutoka kwenye kioo cha dirisha, afumbe jicho moja. Mtu mwingine asimame nje mita 2 kutoka kwenye jicho, umbo lake lifuatishwe kwenye kioo hicho kwa kalamu inayofutika, kisha arudi mita 4, kisha 8. Kama ana urefu wa sentimita 150 kwenye kioo atakuwa na 37 na nusu, halafu karibu 19, halafu 9 na kitu. Umbali ukizidi mara mbili kimo kinapungua nusu. Uwiano wa pembetatu ameuona kabla hujataja neno lenyewe, na kuanzia hapo akichora barabara nguzo zake hazipungui kiholela.

Historia na lugha nazipitia haraka maana wengi mnazifanya tayari: igizo la mtu mmoja dakika mbili, sharti ni kwamba kila jambo analosema mhusika liwe limetoka kwenye kitu alichosoma, na akiulizwa "umejuaje?" aonyeshe. Bila sharti hilo inageuka vichekesho.

Kupima bila alama

Alama za sanaa zinaua. Sisi kila kazi ikiisha anaandika aya moja nyuma yake: nilitaka nini, nini kiligoma, nimejua nini ambacho sikukijua. Tarehe. Zilizoharibika nazo zinahifadhiwa kwenye faili lilelile, hizo ndo nasoma kwa makini zaidi. Halafu kwenye kuzungumzia kazi tuna sentensi tatu tu, "naona...", "najiuliza...", "vipi ukijaribu...", na yeye anazitumia kwenye kazi zangu pia, hana huruma hata kidogo. Ukiweza mtafutie watazamaji wa kweli, bibi, majirani, watoto wengine wanaosomea nyumbani, mtineja anafanya kazi tofauti kabisa akijua kuna mtu atakuja kuangalia.

Saa hizi tuko kwenye sauti. Uzi wa nailoni umekazwa juu ya boksi gumu, sentimita 60 kati ya vigingi viwili, penseli chini yake inasogea. Ukibana kwenye 30 unapata noti ileile lakini ya juu zaidi, yaani oktava moja juu, kwenye 40 na 45 unapata zile mbili zinazokaa nayo vizuri sikioni, na sharti la mwezi huu ni atunge wimbo wa noti hizo nne tu na auandike kwa sehemu ya uzi inayolia: 1, 3/4, 2/3, 1/2. Kama boksi lenu linapinda ukikaza uzi weka kipande cha ubao kwa chini, sisi tumeharibu mawili kabla hatujastuka.