Kuchora usiku wa wanawake: tujifunze kwa Jeanne Mammen

Andaa penseli laini, karatasi nene ya rangi za maji, brashi moja ya duara na rangi tatu au nne. Kwa penseli na rangi za maji, Mammen, mchoraji wa Kijerumani, alichora baa na kumbi za dansi za Berlin miaka ya 1920, akiishi na kufanya kazi katika studio yake kwenye barabara ya Kurfürstendamm mjini humo.

Hatua ya 1. Tafuta picha zake za mnamo 1928, hasa ile ya wanawake wawili wanaocheza dansi. Zitazame nusu saa, penseli ikiwa mezani. Angalia kope: mara nyingi zimelegea, na wawili waliokumbatiana kila mmoja anatazama upande wake.

Hatua ya 2. Anza na macho. Vuta mstari hafifu kutoka kila jicho hadi kinachotazamwa, ndipo uweke mabega na mikono. Wanafunzi wangu wengi hukimbilia kofia na tai, na picha hugeuka kuwa maonyesho ya mavazi. Nywele fupi na koti la kiume havikuwa kioja katika baa hizo. Kifungu cha 175 cha sheria ya Ujerumani kiliwaadhibu wanaume waliolala na wanaume wenzao, si wanawake. Wanawake waliopendana walikuwa na vilabu vyao, hata jarida lao, Die Freundin, kuanzia 1924 hadi 1933. Mammen aliwahi kusema alitamani kuwa macho mawili tu, apite duniani bila kuonekana. Wachore hivyo: watu walio kwao, wasiojua kuwa unawatazama.

Hatua ya 3. Pitisha kijivu chepesi chenye maji mengi, ndio moshi wa sigara. Ukosi wa shati na ukingo wa glasi uviache vyeupe, maana mwanga wako ni karatasi yenyewe. Gusa karatasi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa baridi, bado mbichi, ngoja. Kisha nyekundu, midomoni tu. Mistari ya penseli usiifute, iache ionekane chini ya rangi.

Hatua ya 4. Funika nguo kwa kipande cha karatasi. Kama nyuso peke yake hazisemi nani anamtamani nani, rudi hatua ya 2.

Mwisho, rudia tukio lile lile kwa krayoni nyeusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Mammen alitengeneza litografia, yaani picha zinazochorwa juu ya jiwe kwa krayoni kisha kuchapwa, za mapenzi ya wanawake kwa ajili ya kitabu. Wanazi wakashika madaraka 1933, kitabu hakikutoka.